Tani Mbili Zisizoonekana, na Tairi Linalozibeba

Kuanzia mwezi Mei, mahindi yanapoanza kuingia kwa wingi soko la Kibaigwa wilayani Kongwa, malori hujipanga kandokando ya barabara kuu ya Dodoma–Morogoro yakisubiri magunia. Dereva huhesabu gunia moja moja likipanda. Idadi anaijua, uzito haujui, kwa sababu lumbesa haijakoma. Gunia lisilotakiwa kuzidi kilo 100 huongezewa kilemba juu mpaka likafika 120. Magunia 100 ya namna hiyo yanaficha tani 2, na tani hizo haziendi kwingine ila kwenye matairi.

Mimi nashughulika na matairi ya magari makubwa, na ningependa kila mwenye lori, basi, au hata yale magari ya watalii yenye vitanda na jiko ndani yake, ajifunze kusoma ubavu wa tairi kabla hajauliza bei. Chukua saizi ya kawaida sana, 295/80R22.5. Mbele ya saizi hiyo mara nyingi utakuta 152/148M. Namba 152 maana yake tairi moja likifungwa peke yake linabeba kilo 3,550. Namba 148 ni kwa matairi yaliyofungwa mawili mawili, kama ya nyuma: kilo 3,150 kila moja. Herufi M ni mwendo, kilomita 130 kwa saa.

Sasa piga hesabu. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, inayotumika kwenye mizani zetu tangu 2019, inaruhusu ekseli ya usukani ibebe tani 8. Matairi mawili ya 152 yanabeba kilo 7,100 tu. Lori linaweza kupita mizani bila faini huku matairi yake ya mbele yamezidiwa kwa kilo 900. Nyuma hali ni tofauti: matairi manne ya 148 yanabeba kilo 12,600, na sheria inaishia tani 10 kwa ekseli moja. Kwa hiyo ukiwa na fedha ya kununua matairi mazuri mawili tu, yaende mbele, na kwa lori la mzigo mzito tafuta 315/80R22.5 yenye 156, ambayo mawili yake yanafika tani 8 kamili. Wapakizi nao waambiwe wasirundike magunia kuelekea kwenye kabini.

Uzito huo wote unabebwa na upepo. Mpira na nyuzi za chuma kazi yao ni kuuzuia upepo usitoke. Ndiyo maana kilo zilizotajwa ubavuni zina sharti: upepo uwe ule ulioandikwa pale pale, na upimwe tairi likiwa la baridi, asubuhi kabla gari halijatembea. Ukijaza psi 120 Dar es Salaam kwenye joto la nyuzi 30, kisha ukalala Kongwa usiku wa Juni unaoshuka hadi nyuzi 15, asubuhi kipimo kitasoma kama 115. Hakuna pancha, ni hewa imejikunja kwa baridi, na mwinuko wa huku, unaokaribia mita 1,000, umeifidia kidogo. Ongeza.

Mchana hutokea kinyume chake. Lami imechemka, dereva anasimama Pandambili, anapima, anakuta upepo umepanda sana, anaogopa na kuupunguza. Hapo ndipo anapoliua tairi. Ongezeko lile lilitarajiwa na aliyelibuni tairi. Ukilitoa, jioni utakuwa na tairi lenye upepo mdogo, linalojikunja kupita kiasi kila linapozunguka. Kujikunja huko huzaa joto, na joto ndilo linaloachanisha mpira na chuma.

Utingo wengi hupima kwa kugonga tairi na nondo. Njia hiyo itakuonyesha tairi lililokwisha kabisa. Lenye psi 80 na lenye psi 110 haitakutofautishia. Kwenye matairi pacha ya nyuma hatari ni kubwa zaidi, maana la ndani likipungua, la nje hubeba mzigo wa yote mawili na kwa macho yote yanaonekana sawa. Kipima upepo kizuri hakina bei ya kumshinda mwenye lori. Wakati wa kupima, chungulia pia katikati ya pacha utoe jiwe lililobanwa, na ubavuni utazame miba ya migunga, hasa kama gari limetoka vijijini kuchukua mzigo.

Kuna adui mwingine ambaye watu wa huku hawamhesabu: kukaa. Lori la mfanyabiashara wa mahindi linaweza kusimama uani tangu Januari hadi mavuno. Tairi huwekwa viwandani dawa ya nta inayokinga mpira dhidi ya ozoni, na nta hiyo hupanda hadi juu ya mpira tairi linapozunguka na kujikunja. Likisimama miezi, kinga haipandi juu, nyufa zinaanza. Gari la kukaa lijazwe upepo kamili, lipandishwe juu ya mbao, matairi yafunikwe jua, na kila baada ya wiki chache lisogezwe. Kongwa ilishawahi kuona gharama ya mashine zilizolala. Waingereza walipoanza mradi wao wa karanga hapa mwaka 1947, sehemu ya matrekta yao ilikuwa masalio ya jeshi yaliyoachwa nje huko Ufilipino baada ya vita. Mengi yalifika mabovu, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umeachwa. Sababu zilikuwa nyingi, ukame na udongo mgumu zikiwamo, lakini hiyo nayo ilikuwamo.

Umri wa tairi husomwa kwenye tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Ukiona 3521, limetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2021. Tangu kiwanda cha General Tyre cha Arusha kisimamishe uzalishaji, matairi yetu huja kwa meli na kupita maghala, hivyo jipya dukani laweza kuwa na miaka kadhaa tayari. Baada ya miaka 5 likaguliwe kila mwaka. Likifika 10 liondoke, hata kama kashata, yaani meno ya tairi, zimesimama. Uingereza mwaka 2012 tairi la mbele la basi lilipasuka likaua watu watatu. Lilikuwa na miaka 19. Tangu Februari 2021 sheria ya huko inakataza tairi la zaidi ya miaka 10 kwenye ekseli ya mbele ya basi au lori. Kwetu mnunuzi ajilinde mwenyewe kwa kusoma tarakimu hizo. Na asikubali kuchongewa kashata kwenye kipara, isipokuwa ubavu wenyewe umeandikwa na kiwanda kuwa tairi linaruhusu.

La mwisho linawahusu mafundi wa pancha, ambao wengi ni vijana wanaofanya kazi wakiwa wamechuchumaa mbele ya tairi. Tairi lililotembea likiwa na upepo pungufu kwa asilimia 20 au zaidi huenda nyuzi zake za ubavuni zimeshakatika ndani kwa ndani, na nje halina alama. Ukilijaza, ubavu unaweza kufunguka ghafla kama zipu, kwa nguvu ya kuua. Livuliwe kwenye ringi na likaguliwe ndani kwanza. Wakati wa kujaza liwekwe kwenye kizimba cha chuma, mpira wa upepo uwe mrefu wenye kibano cha kujishika kwenye vali, na fundi asimame upande wa kashata, mbali na ubavu. Dereva mwenye haraka ya kuwahi Morogoro amwambie ukweli fundi: tairi lilitembea likiwa limelala kwa umbali gani.