Rucunshu: Ufa wa Ndani (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulimwacha Mwami Kigeli Rwabugiri, mfalme wa Rwanda, akiogopwa pande zote za Kivu. Ziwa hili ninaliona kutoka Nengo: jioni wavuvi wa sambaza wanafunga mitumbwi mitatu mitatu kwa miti mirefu, kisha wanaelekea kusini, upande wa Ijwi, kisiwa alichokiteka. Mwaka 1895 Rwabugiri alifariki akiwa safarini kwenda kupigana na Bushi.

Mbegu ya maafa aliipanda mwenyewe. Alipomtawaza mwanawe Rutarindwa atawale pamoja naye, mama mzazi wa kijana alikwisha fariki. Rwabugiri akamteua mkewe mwingine, Kanjogera wa ukoo wa Abega, awe mama wa mfalme. Hicho hakikuwa cheo cha heshima tupu. Mama wa mfalme alishika dola pamoja na mwanawe, akiwa na watu wake na ng'ombe wake. Na Kanjogera alikuwa na mtoto wa kumzaa, Musinga.

Mwaka 1896 askari wa Dola Huru ya Kongo walipiga kambi Shangi, kusini mwa ziwa. Wanyarwanda waliwavamia, bunduki zikawashinda. Bisangwa, nguzo ya Rutarindwa, akaanguka hapo. Badala ya kujikusanya, watu wa ikulu waligeukiana. Kabla mwaka haujaisha, huko Rucunshu, Kabare, kaka yake Kanjogera, alimpindua Rutarindwa. Mfalme alijichoma moto ndani ya nyumba pamoja na mkewe na watoto. Musinga, mtoto bado, akatawazwa.

Waliosoma Shujaa Okonkwo ya Chinua Achebe wanakumbuka kwamba kwa Waigbo waliotangulia kuwakimbilia wamisionari walikuwa waliodharauliwa. Kwetu aliyemkimbilia mgeni ni mwenye enzi. Kapteni Ramsay, Mjerumani, alipofika mwaka 1897, ikulu ilipokea ulinzi wa Wajerumani. Mimi naamini ilimwogopa zaidi ndugu wa marehemu Rutarindwa kuliko Mzungu.

Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Mwaka 1912 alitokea huku kaskazini Ndungutse, akidai ni mwana wa Rutarindwa. Wakulima waliochoshwa na uburetwa, kazi ya lazima kwa machifu, walimfuata. Luteni Gudovius wa Wajerumani na wapiganaji wa Musinga waliuzima uasi kwa kuchoma makazi.

Mwaka 1931 Wabelgiji, waliowarithi Wajerumani, walimvua Musinga ufalme bila vita, wakampeleka Kamembe, ncha ya kusini ya ziwa hili. Kanjogera, mzee sasa, alifuatana naye.