Kimea, Danzi na Hamira: Istilahi za Upishi wa Bia Nyeupe

Madai kwamba Kiswahili hakina maneno ya kueleza uchachukaji aghalabu hutolewa na watu ambao hawajapata kusimama karibu na chungu cha pombe. Makala haya yanayapima madai hayo kwa kinywaji cha kigeni: bia nyeupe ya Ubelgiji, nyepesi na yenye ukungu, ambayo hupendwa hasa wakati wa joto huko Ulaya.

Bia hiyo ni ya kijiji cha Hoegaarden. Kiwanda cha mwisho kilichoipika hapo kilifungwa mwaka 1957, na ladha yake ingalipotea lau si Pierre Celis, muuza maziwa aliyewahi kusaidia kazi kiwandani humo, ambaye aliifufua mwaka 1966. Leo hupikwa pia majumbani, hususan Marekani, ambako sheria ya shirikisho iliyotiwa sahihi mwaka 1978 iliruhusu upishi huo.

Msingi wake ni nafaka mbili, karibu nusu kwa nusu: kimea cha shayiri, na ngano ambayo haikuoteshwa. Neno kimea latokana na kitenzi -mea, na kila mpishi wa busaa anajua kwamba nafaka iliyooteshwa na kukaushwa ndiyo iletayo utamu. Kuota huamsha vimeng'enya vigeuzavyo wanga kuwa sukari. Ngano isiyooteshwa, kwa kuwa haina vya kutosha, huazima vya shayiri. Kwa lita 20 za bia, kilo 2.5 za kimea na kilo 2 za ngano hupaazwa zikawa chenga, si unga, kisha huloweshwa katika maji ya moto ili mchanganyiko ukae kwenye digrii 66 za sentigredi kwa muda wa saa moja. Joto likizidi sana, vimeng'enya hufa. Maganda ya shayiri ndiyo chujio; ngano haina maganda hayo, na ikizidi, chungu huganda kama ugali. Yanayobaki huitwa machicha, kama yale ya nazi.

Maji matamu huchemshwa kwa saa moja au zaidi pamoja na gramu 25 hivi za hopsi, ambazo huleta uchungu kidogo. Dakika tano kabla ya kuepua hutiwa gramu 20 za giligilani iliyopondwa na kiasi kama hicho cha maganda makavu ya tunda; yakitiwa mapema, mafuta yenye harufu hupaa na mvuke. Mfasiri asiye mwangalifu ataandika "maganda ya machungwa". Hilo ni kosa. Tunda linalohusika ni danzi, lenye ganda chungu na harufu kali, ambalo Waswahili wa pwani wamelitenga na chungwa kwa jina na kwa matumizi. Mwenye kamusi ya mjini tu hatalipata. Mwenye bibi Lamu au Mombasa yamkini analo.

Baada ya kupozwa hadi digrii 20, hutiwa hamira ya bia. Hapa lugha yenyewe haijatulia. Chachu na uchachukaji vinahusiana na -chacha, kuharibika kwa ukali, ilhali mpishi hawezi kuchanganya mambo hayo mawili: bia iliyoumuka hunywewa, iliyochacha humwagwa. Afadhali hamira ibaki jina la kiumbe hicho, kuumuka iwe kazi yake, na kuchacha iachiwe bakteria. Wagema hawakungoja kamati ya istilahi kutofautisha tembo tamu na tembo kali.

Baada ya wiki moja au mbili bia hutiwa katika chupa safi pamoja na gramu 6 za sukari kwa kila lita. Hamira huila sukari hiyo na gesi hufungika ndani. Sukari ikizidishwa, chupa hupasuka. Wiki mbili baadaye huwa tayari. Ukungu wake hutokana na protini za ngano pamoja na hamira iliyobaki, na mpishi anayeuchuja ameuondoa weupe wa bia nyeupe.