Ulimi Wenye Ramani

Sogeeni karibu, watoto, kisha kila mmoja atoe ulimi amwonyeshe mwenzake. Leo ni ruhusa, hakuna atakayeambiwa hana adabu.

Mkitazama vizuri mtaona ulimi umefunikwa na vinyuzi vidogo mno, vimesongamana hata vinafanya utando mweupe mwepesi. Kati ya vinyuzi hivyo, hasa karibu na ncha, kuna vitone vyekundu vya mviringo. Vitone hivyo ndivyo vyenye kuonja chumvi na sukari. Vinyuzi havionji kitu. Kazi yake ni kushika chakula kisiteleze mnapotafuna, na vimejengwa kwa kitu kilekile kinachojenga kucha na nywele. Shikeni sana jambo hilo, maana hadithi yetu yote imesimama hapo.

Katika hadithi hii yumo binti wa darasa la tano, kwao ni Iramba, upande wa Kiomboi. Nimemtunga mimi, lakini yaliyompata huwapata watoto wa kweli. Siku moja wakati wa mapumziko alinunua embe bichi lililopakwa chumvi na pilipili. Alipotia kipande mdomoni, ulimi ukamwaka hata machozi yakamtoka. Rafiki yake akamwambia, "Hebu toa ulimi nione." Akaona mabaka mawili mekundu, laini, hayana vinyuzi hata kimoja, na kila baka limezungushiwa ukingo mweupe uliojipinda.

Habari ikazunguka darasa zima kabla kengele haijalia. Mmoja akasema ni fangasi. Mwingine akasema pembeni kwamba huo ni UKIMWI, kwa kuwa alisikia mgonjwa fulani aliota utando mweupe kinywani. Jioni nyumbani kikombe cha binti kikawekwa peke yake. Bibi yake, kwa mapenzi tu, akamwambia, "Mjukuu wangu, chukua chumvi na ndimu, ukwangue huo uchafu utoke." Binti akakwangua. Usiku ule hakula ugali wala mlenda. Alikunywa maji tu, akalala.

Baada ya siku chache mama yake alimtazama tena, akashangaa. Baka la katikati lilikuwa limepona, vinyuzi vimeota upya. Lakini pembeni, upande wa kushoto, limetokea jingine ambalo halikuwapo.

Nyinyi mnaokaa Singida mjini mnalijua Ziwa Singidani na maji yake ya chumvi. Masika maji hupanda na ufuko humezwa. Kiangazi maji hurudi nyuma na ardhi huonekana, kwa hiyo anayelichora mwezi huu na anayelichora baada ya miezi sita hawatoi picha moja. Mabaka ya ulimi wa binti yetu yanakwenda hivyo, ila kwa siku na wiki. Mahali pamoja vinyuzi hupukutika, pekundu pakabaki wazi, kisha vinyuzi huota tena huku vya mahali pengine vikipukutika. Ndiyo sababu hali hii huitwa ulimi wa ramani. Daktari Mfaransa, Pierre Rayer, aliieleza mwaka 1831, na leo inakadiriwa kwamba katika kila watu 100 duniani, mmoja hadi watatu wanayo. Katika shule yenye wanafunzi 600, basi, huenda wamo sita na zaidi, na wengi wao hawajui.

Sasa mnaona kwa nini binti hakupoteza ladha. Vinyuzi vilivyopukutika havikuwa vya kuonja, na vitone vyekundu vilibaki mahali pake. Mnaona pia kwa nini embe lilimchoma: ngozi ya ulimi mahali pale ilikuwa nyembamba, haina kifuniko, na chumvi, pilipili na ukali wa embe vikaifikia moja kwa moja.

Mama alimpeleka kituo cha afya. Tabibu alichukua kitambaa safi, akaufuta ule ukingo mweupe taratibu. Haukubanduka. Utando wa fangasi za kinywani kwa kawaida hubanduka ukifutwa, akaeleza, ila huu ni sehemu ya ulimi wenyewe. Hakuna mdudu hapa, hauambukizi kwa kikombe, kijiko wala mate, na hautoki kwa sababu mtoto amesema uongo au hakupiga mswaki. Kisha akauliza swali ambalo mama hakulitegemea: "Mama, katika ukoo wenu yupo mtu mwenye magamba kwenye ngozi?"

"Yupo," mama akajibu. "Mjomba wake, yuko Mkalama. Viwiko na magoti yake yana magamba miaka mingi. Watu wanasema ni ukoma."

Haukuwa ukoma. Huo ni ugonjwa uitwao soriasisi, na hapa nitatua kidogo, kwa sababu umewatesa watu wengi kwa kudhaniwa kitu kingine. Kwa kawaida seli za ngozi huchukua karibu mwezi mmoja kuzaliwa chini, kupanda juu na kudondoka. Kwa mwenye soriasisi, kinga ya mwili wake huihimiza ngozi kupita kiasi, seli zikapanda kwa siku chache tu, zikarundikana, zikawa magamba meupe yanayometameta. Chini yake ngozi huvimba. Vitabu vingi vilivyochorwa Ulaya huonyesha madoa mekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi mara nyingi huwa ya zambarau, ya kijivu au ya kahawia iliyokoza, kwa hiyo msiyatafute mekundu. Haiambukizi hata kidogo. Hata huko Ulaya zamani ilichanganywa na ukoma, mpaka daktari wa Vienna, Ferdinand von Hebra, alipoitenganisha nao mwaka 1841. Mwaka 2014 mkutano wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu soriasisi, na lilitaja waziwazi jinsi wagonjwa wanavyonyanyapaliwa. Mjomba wa Mkalama angeweza kuwaeleza wajumbe jambo hilo vizuri kuliko mtu yeyote: kwa miaka mingi watu walimpa salamu bila kumpa mkono.

Sasa, ulimi na viwiko vinahusianaje? Wachunguzi wakikitazama kipande cha ulimi wa ramani kwa darubini, huona uvimbe unaofanana sana na ule wa ngozi yenye soriasisi. Wenye soriasisi pia huwa na ulimi wa ramani mara nyingi zaidi kuliko watu wengine, na ipo jeni moja, HLA-Cw6, iliyohusishwa na hali zote mbili. Hata hivyo msiende nyumbani na hofu. Watu walio wengi mno wenye ulimi wa ramani hawana soriasisi wala hawataipata. Uhusiano huo unampa tabibu sababu ya kuuliza habari za ukoo na kutazama viwiko, magoti, kichwa na kucha. Haumpi sababu ya kumtabiria mtoto ugonjwa.

Kwa mjomba tabibu aliandika rufaa. Tanzania tuna chuo kinachofundisha wataalamu wa ngozi, kipo Moshi katika hospitali ya KCMC tangu mwaka 1992, na kinapokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Kutoka Singida unapita Katesh, Babati na Arusha. Ni safari ndefu, lakini soriasisi hutulizwa kwa dawa za kupaka, kwa mwanga maalumu na kwa dawa nyingine, na mtu akarudi kuvaa mikono mifupi.

Binti hakupewa dawa yoyote. Aliambiwa aache kukwangua, atumie mswaki laini, na ulimi ukiwaka aepuke pilipili, ndimu, embe bichi na ubuyu mkali mpaka utulie. Akiona dawa ya meno yenye mnanaa mwingi inamchoma, abadilishe. Arudi iwapo kidonda kitakaa mahali pamoja zaidi ya wiki mbili bila kuhama, kikiota uvimbe, kikitoa damu, au akishindwa kumeza. Jioni ile kikombe chake kilirudishwa kwenye vikombe vya wenzake, na bibi ndiye aliyekirudisha.

Wewe unayesoma, ukiona ramani kwenye ulimi wako, mwombe mzazi aupige picha leo kwa simu, aupige tena baada ya wiki moja, halafu mpeleke kwa tabibu picha zote mbili. Zikitofautiana, zitamsaidia kujua mapema anatibu nini na nini hahitaji kutibu. Na kama kwenu yupo mwenye magamba ya ngozi, mtaje bila aibu.