Nimonia inayomkuta mgonjwa kitandani

Watu wa Arusha wanayo sababu ya kuikumbuka Jumatatu ya tarehe 16 Machi, 2020. Siku hiyo Waziri wa Afya wa wakati huo, Mheshimiwa Ummy Mwalimu, alilitangazia taifa kwamba mgonjwa wa kwanza wa virusi vya korona nchini amepatikana. Alikuwa msafiri aliyetoka Ubelgiji na kushuka katika Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro siku moja kabla, naye alikuwa amelazwa katika Hospitali ya Mount Meru, hapa hapa mjini kwetu. Maradhi ambayo hadi jana yake yalikuwa ni habari za China na Italia yakawa yamebisha hodi chini ya mlima wetu.

Mengi yalisemwa tangu hapo kuhusu barakoa, kujifukiza na chanjo, na baadhi yake yalisemwa kwa ukali usiokuwa na faida. Leo tumeonelea tuzungumze juu ya jambo ambalo halikupewa nafasi, ilhali lilichukua roho za watu wengi waliofikishwa katika wodi za wagonjwa mahututi duniani kote. Nalo ni nimonia ya pili, ile ambayo mgonjwa hakuja nayo kutoka nyumbani bali ilimkuta hospitalini.

Tuanze kwa kutenganisha mambo mawili. Virusi vya korona vyenyewe huweza kuyavamia mapafu na kuleta nimonia, na hiyo ndiyo iliyowafanya wagonjwa wakose pumzi na kuhitaji oksijeni. Lakini madaktari wanapotaja nimonia ya hospitalini wanakusudia ile inayojitokeza baada ya saa 48 au zaidi tangu mgonjwa alazwe. Hii mara nyingi huletwa na bakteria wakaao katika mazingira ya wodi, juu ya vyuma vya vitanda, ndani ya mipira ya mashine, na zaidi ya yote juu ya mikono ya wanadamu. Majina yao ni mageni kwa wengi wetu: Klebsiella, Pseudomonas, Acinetobacter. Wengi wao wamekwisha kuzizoea dawa za kawaida na hawazijali tena.

Kwa nini mgonjwa wa korona aliyezidiwa awe windo jepesi namna hii? Mtu mzima mwenye afya hulindwa na kikohozi. Tone la mate likikosea njia hukohoa, na mambo yakaisha. Mgonjwa aliyeunganishwa na mashine ya kupumulia amepitishiwa mpira kooni, tena amepewa dawa za kumlaza ili asiuhisi. Hakohoi. Mate yenye vijidudu hukusanyika juu ya mpira ule, kisha huteremka kidogo kidogo kandokando yake mpaka mapafuni. Mapafu yenyewe yamekwisha kujeruhiwa na virusi, na wagonjwa wa korona walikaa katika mashine hizo siku nyingi, wengine majuma kadhaa.

Juu ya hayo lipo suala la dawa. Mwezi Juni 2020 utafiti mkubwa wa Uingereza ulionesha kwamba deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ilipunguza vifo kwa kiasi cha thuluthi moja miongoni mwa waliokuwa katika mashine za kupumulia. Hiyo ilikuwa neema kubwa kwa nchi zisizo na fedha nyingi. Hata hivyo dawa hiyo hufanya kazi kwa kuutuliza ulinzi wa mwili uliopindukia mpaka, na ulinzi ukitulizwa, bakteria nao hupata mwanya. Si hoja ya kuikataa dawa, ila ni hoja ya kuongeza uangalizi.

Ukubwa wa tatizo ulionekana katika utafiti uliofanyika Ulaya kwenye wodi 36 za wagonjwa mahututi. Takriban nusu ya wagonjwa wa korona waliowekewa mashine walipata maambukizi mapya ya njia ya hewa, ilhali kwa wagonjwa wa mafua makali ilikuwa chini kidogo ya thuluthi moja. Huku Afrika, utafiti uliohusisha hospitali 64 katika nchi 10, Kenya ikiwemo, ulichapishwa mwaka 2021 na kueleza kwamba kati ya wagonjwa 3,140 waliozidiwa, karibu nusu walifariki ndani ya siku 30. Tanzania haikuwa miongoni mwa nchi hizo 10. Sisi tulikuwa tumeacha kutangaza takwimu zetu tangu mwezi Mei 2020, tukiwa tumesimama katika wagonjwa 509 na vifo 21.

Tugeukie kinga, na hapa ndipo penye lililotusukuma kuandika. Njia za kuizuia nimonia hii nyingi hazihitaji mitambo. Ya kwanza ni kunawa mikono kabla na baada ya kumgusa kila mgonjwa. Nyingine ni kuinua upande wa kichwa cha kitanda kiasi cha nyuzi 30 hadi 45, ili yaliyomo tumboni na kinywani yasirudi kuteremkia mapafuni. Na nyingine ni kukisafisha kinywa cha mgonjwa kila siku, kwa mswaki na maji safi, kwa sababu kinywa kichafu ndicho kiwanda cha vijidudu vitakavyoshuka.

Muislamu hapaswi kulishangaa jambo hili. Katika saa za mwisho za maradhi yake, Mtume (S.A.W.) alimwona shemeji yake Abdur-Rahman bin Abubakar akiingia na kijiti cha mswaki mkononi, akakitazama. Bibi Aisha (R.A.) akafahamu, akakichukua, akakilainisha kwa meno yake na kumpa, naye akapiga mswaki. Kisa hiki tumekisikia tangu madrasa, lakini ni wangapi wetu waliokwenda kumzuru mgonjwa mahututi wakauliza kama kinywa chake kimesafishwa leo?

Tunayauliza haya tukijihesabu wenyewe. Mzee wetu mmoja alipolazwa hali yake ikiwa mbaya, tulikwenda watu tisa kwa mpigo, wengine wakitokea Ngaramtoni na wengine Usa River. Kila mmoja alimshika mkono mzee, akamfuta paji la uso, kisha akamgeukia mgonjwa wa kitanda cha jirani naye akamshika mkono kwa huruma ile ile. Hakuna aliyenawa. Mmoja wetu alikuwa na maji ya Zamzam katika chupa ndogo, akamtia vijiko viwili kinywani mzee akiwa amelala chali, hajitambui vizuri. Akapaliwa. Muuguzi alikuja mbio, akamwinua na kutufokea, na sisi tulikasirika kwa kufokewa. Tulihitaji muda kufahamu kwamba yeye ndiye aliyekuwa na haki. Maji hata yawe matukufu namna gani, yakiingia mapafuni mwa mtu asiyeweza kumeza humdhuru, na uji ni hatari zaidi.

Wanavyuoni wetu wamependekeza kuilowanisha midomo ya aliyezidiwa kwa pamba yenye maji. Hilo linatosha, na muuguzi hatalikataza.

Kumzuru mgonjwa ni haki yake juu yetu, wala hatusemi iachwe. Lakini mazuru mema ni mafupi, na wawili wanaoingia kwa niaba ya ukoo wamewawakilisha walio nje. Tunaotawadha mara tano kwa siku tunashindwaje kunawa kwa sabuni mlangoni mwa wodi? Na mwenye mafua abaki nyumbani, aombe dua akiwa huko.

Limebaki la maduka ya dawa. Katika miezi ile ya hofu watu wengi walinunua viuavijasumu bila cheti, wakimeza leo vidonge vya rangi mbili na kesho azithromycin, ilhali dawa hizo haziui virusi. Hospitalini nako hali haikuwa njema: mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba ni takriban asilimia 8 tu ya wagonjwa wa korona waliolazwa waliokuwa na maambukizi ya bakteria yaliyohitaji dawa hizo, lakini watatu kati ya kila wanne walipewa. Matokeo yake ni usugu. Yule aliyepata nimonia ya wodini baada ya hapo alikutana na bakteria waliokwisha kuzijua silaha zetu zote.

Kwa hiyo siku ukimpeleka mzazi wako Mount Meru, au akipewa rufaa kwenda KCMC kule Moshi, chukua maganda yote ya dawa alizotumia nyumbani, hata zile ulizonunua kwa siri, umpe daktari mkononi. Kisha muulize muuguzi kitanda kiinuliwe kiasi gani, na kama unaruhusiwa kumpigisha mzazi wako mswaki asubuhi na jioni.