Upatanisho wa Ngeli katika Vijenzi vya Tovuti

Wasanidi wa tovuti hawaundi kila ukurasa upya. Huunda vijenzi, yaani vipande kama kitufe, fomu au kisanduku cha taarifa, ambavyo hutengenezwa mara moja na kutumiwa na kundi zima katika kurasa nyingi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kijenzi kilichokatwa kwa kipimo cha Kiingereza hakikitoshi Kiswahili, na kueleza namna ya kukirekebisha.

Natuchukue mfano wa tovuti ya kupokea maombi ya basari katika Kaunti ya Taita Taveta. Msanidi aliyeko Voi ana kijenzi cha taarifa chenye nafasi mbili, ya idadi na ya jina. Kitenzi kimekwisha kuandikwa ndani. Kwa Kiingereza neno moja la kuarifu kupokewa laweza kufuata jina lolote bila kubadilika. Kwa Kiswahili sivyo: ombi 1 limepokewa, maombi 3 yamepokewa, cheti 1 kimepokewa, vyeti 3 vimepokewa. Akiandika "imepokewa" pekee, tovuti itatangaza "vyeti 3 imepokewa". Zaidi ya hayo, idadi yetu hufuata jina, wala haitangulii.

Huenda mtu akasema kwamba maana inaeleweka. Ni kweli, hata hivyo, Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Taarifa ya serikali husomwa kama kielelezo, na kijenzi kimoja chenye kosa hulirudia katika kila ukurasa unaokitumia. Mwanafunzi wa Mwatate au Taveta aliyefunzwa ngeli darasani atakuta serikali yake ikimkanusha.

Tiba ni tatu. Kwanza, kijenzi kipewe sentensi nzima badala ya vipande. Pili, kila jina lihifadhiwe pamoja na wingi wake na viambishi vyake. Kanuni za Unicode hukigawia Kiswahili makundi mawili ya idadi, moja na mengineyo. Hayo huchagua baina ya "ombi" na "maombi", lakini hayachagui ngeli. Tatu, kitenzi kigeuzwe: "Tumepokea vyeti 3." Hapa kiambishi cha nafsi hakitegemei ngeli ya jina, na tarakimu huficha upatanisho wa "vitatu".

Hivyo basi, mwanalugha hana budi kuketi na wasanidi kabla kijenzi hakijaundwa, si baada ya tafsiri kukwama.