Barua za Kongo katika masanduku ya London



Wengi wetu tumeiona picha ya baba aliyeketi barazani akitazama mkono na mguu wa mtoto wake, vilivyokatwa. Baba yule aliitwa Nsala, wa kijiji cha Wala. Mtoto wake aliitwa Boali. Picha ilipigwa mwaka 1904 na Alice Seeley Harris, mmisionari wa Kiprotestanti huko Baringa, katika Tshuapa ya leo. Vijana hutuuliza: kwa nini tunajua majina haya mawili, na wengine wengi waliokufa kwa ajili ya mpira hatuwajui? Ni kwa sababu kuna mtu aliandika, na mwingine akatunza.

Mmoja wa waliotunza ni Edmund Morel. Alikuwa karani wa Elder Dempster, kampuni ya meli ya Liverpool. Kazi ilimpeleka mara nyingi bandarini Antwerp, na huko aliona jambo la ajabu: meli zilifika kutoka Kongo zimejaa mpira na pembe za ndovu, lakini zikirudi zilibeba hasa bunduki na risasi. Basi wale waliovuna mpira walilipwa nini? Akaacha kazi, na mwaka 1904 akaanzisha chama cha kudai mageuzi katika Kongo ya Mfalme Leopold II.

Morel hakufika Kongo hata siku moja. Aliishi kwa barua. Balozi Roger Casement alimwandikia. Wamisionari nao walimwandikia, kama John Harris, mume wa Alice, na William Morrison wa Kasai. Yeye hakutupa. Alipofariki mwaka 1924 aliacha makaratasi mengi, ambayo leo yako katika maktaba ya chuo kikuu cha London School of Economics. Ndani yake mlikuwa na kitabu ambacho hakukimaliza, juu ya vita yake kwa ajili ya Kongo. Wanahistoria wawili walikichapisha mwaka 1968, miaka 44 baada ya kifo chake.

Maktaba hutunza namna gani? Makaratasi huwekwa katika masanduku ya karatasi ngumu isiyoyaharibu, mbali na jua na unyevu. Kila sanduku lina namba, na orodha huonyesha kilichomo. Msomaji huomba kwa namba, husoma palepale, na huandika kwa kalamu ya risasi tu, wino usije ukamwagika juu ya barua ya mwaka 1905.

Tuseme ukweli: makaratasi hayamfanyi mtu kuwa mtakatifu. Morel huyohuyo, mwaka 1920, aliandika maneno ya aibu juu ya askari Waafrika wa Ufaransa waliokuwa Ujerumani. Tena sauti nyingi katika masanduku hayo ni za wazungu. Nsala tunamsikia kupitia kalamu ya wengine.

Hapo ndipo jambo linatugusa sisi wa mashariki. Katika parokia moja tuliyotumikia, tulitafuta kitabu cha kwanza cha ubatizo ili kujua majina ya waanzilishi. Tulipata kurasa zake chache sokoni, zimefungia karanga. Zilizobaki zilikuwa zimeliwa na mchwa. Na ni familia ngapi zimekimbia vita zikiacha barua za babu, cheti cha ndoa, hati ya shamba?

Yeremia alinunua shamba wakati adui ameuzingira mji, naye akamwagiza Baruku aweke hati katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi (Yeremia 32). Hakungoja amani ndipo atunze.

Basi tunaomba wazee wa kanisa waanze na kitabu cha ubatizo na daftari la mikutano. Vipigwe picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, na nakala ikae kwa ndugu wa mji mwingine. Nyuma ya kila picha ya familia andikeni majina kwa kalamu ya risasi, kungali kuna bibi anayewatambua. Familia inayotaka kukabidhi barua za mchungaji marehemu kwa maktaba ya chuo kikuu, ipewe hati ya mapokezi. Na zile barua zenye siri za waamini waliomwendea kwa shauri, wakubaliane kwanza zitafungwa miaka mingapi kabla ya mtu kuzisoma.