Shokapu za Mbele katika Magari ya Zamani: Dalili za Kuchoka na Namna ya Kuziboresha

Barabara nyingi za vijijini hazina lami. Wakati wa kiangazi changarawe hujikunja ikawa vituta vidogo vilivyopangana kama mabati ya paa, na masika yakiingia hufuata mashimo na makorongo. Katika barabara hizo kazi kubwa ya usafiri hufanywa na magari ya zamani yanayovuta kwa magurudumu yote manne, hususan pikapu za Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, ambao ulianza kutengenezwa mwaka 1984. Magari hayo hubeba mahindi, saruji na mabati. Na inapotokea dharura usiku, ndiyo humbeba mama mwenye uchungu hadi hospitali. Kwa hiyo gari la namna hiyo linapopoteza utulivu wa mbele, anayedhurika si mwenye gari peke yake.

Watu wengi hudhani kwamba shokapu ndiyo inayobeba uzito wa gari. Sivyo. Uzito hubebwa na springi. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi baada ya kugonga shimo au kituta, ili isiendelee kupanda na kushuka. Ndani yake mna pistoni inayosukuma mafuta kupitia vitundu vyembamba. Mafuta hayo hukataa kupita kwa haraka, na ukinzani huo huigeuza nguvu ya mrusho kuwa joto. Ndiyo maana shokapu iliyo nzima huwa na joto baada ya safari ndefu.

Shokapu za mbele zina mzigo wa pekee. Zipo upande wa injini, nazo zinahudumia magurudumu yanayoongozwa na usukani. Dereva anapokanyaga breki, uzito wa gari huegemea mbele. Shokapu zikiwa zimechoka, gurudumu hurukaruka juu ya vituta badala ya kushikamana na ardhi. Na gurudumu lililo hewani haliwezi kufunga breki wala kukata kona. Gari huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama, na usukani huwa kama umelegea mikononi mwa dereva.

Dalili za uchovu huonekana bila vifaa vya gharama. Pua ya gari huinama sana wakati wa kufunga breki. Tairi za mbele huliwa kwa mabaka, hapa pamekwisha na pale pamebaki. Mwili wa shokapu huwa umelowa mafuta yanayotiririka. Unyevu mwembamba wenye vumbi si kosa, bali mafuta yanayodondoka ni kosa. Gari likisimama mahali tambarare, kona moja ya mbele ikandamizwe kwa nguvu kisha iachiwe: inapasa kupanda mara moja na kutulia. Ikiendelea kuyumba, shokapu imekwisha. Hata hivyo, springi ngumu za magari haya huweza kuficha ubovu, hivyo jaribio hilo pekee halitoshi. Mafundi wengi hulinganisha joto baada ya safari ya barabara mbovu: mkono husogezwa karibu na kila shokapu pasipo kuigusa, na ile iliyo baridi ilhali mwenzake ina joto haifanyi kazi.

Kabla ya kununua chochote, fundi hana budi kukagua sehemu nyingine za mbele. Bushi zilizokatika, springi iliyovunjika jani, tai-rodi zilizolegea, beringi za magurudumu na upepo usio sahihi katika matairi hutoa dalili zinazofanana na za shokapu mbovu. Aidha, gari lililolala upande mmoja halitanyanyuliwa na shokapu mpya; hilo ni tatizo la springi. Mwenye gari anayeruka hatua hii huishia kulipa mara mbili.

Uchaguzi wa shokapu bora huanza na mwaka wa gari. Pikapu za mfululizo wa 70 zilizotengenezwa kabla ya mabadiliko ya mwaka 1999 zina springi za majani mbele, yaani vyuma bapa vilivyopangwa tabaka kwa tabaka. Zile za baada ya mabadiliko hayo zina koili springi mbele. Shokapu za aina moja hazifai kuwekwa katika nyingine kwa kukisia tu, kwani urefu na vishikizo vyake hutofautiana. Shokapu fupi mno hufika mwisho kabla ya springi na kung'oa kishikizo chake; iliyo ndefu mno hugonga chini gari linapotumbukia shimoni. Gari lililoinuliwa kuliko lilivyotoka kiwandani huhitaji urefu wake maalumu.

Jambo la pili ni ubora wa ndani. Katika barabara yenye vituta mfululizo, mafuta ya shokapu ya kawaida huchemka na kufanya povu, na povu halina ukinzani wa kutosha. Shokapu zilizoshindiliwa gesi ya naitrojeni hupunguza povu hilo, na zenye pistoni pana na mafuta mengi hustahimili joto kwa muda mrefu zaidi. Hata hivyo, iliyo ngumu kupita kiasi haifai. Gari lisilo na mzigo litarukaruka, na mgonjwa aliyelazwa nyuma atateseka. Gari la kubeba wagonjwa na gari la kubeba saruji hayahitaji ugumu uleule.

Wakati wa kufunga, shokapu za ekseli moja hubadilishwa zote mbili kwa pamoja, kwa kuwa mpya na kuukuu zikiwekwa pande mbili hulifanya gari livute upande. Magurudumu ya nyuma huwekewa vizuizi, chasisi hukalishwa juu ya stendi imara, wala si juu ya jeki peke yake, na ekseli hutegemezwa kwa jeki nyingine. Katika gari lenye koili springi, ekseli isiyotegemezwa huweza kushuka ghafla, springi ikachomoka na mipira ya breki ikavutika. Bolti zinazopita katika bushi za mpira hukazwa kikamilifu gari likiwa limeshushwa na kusimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa likiwa limening'inia, mpira hujipinda na kuchanika mapema. Shokapu ya gesi isikatwe, isichomelewe wala isitupwe motoni, hata ikiwa kuukuu, kwa sababu huweza kulipuka.

Baada ya safari chache za kwanza, bolti na nati zote hukaguliwa tena. Iwapo kimo cha gari kimebadilika, usukani na mwelekeo wa taa za mbele navyo hupimwa upya. Mnunuzi adai risiti halali na kuitunza, maana vipuri bandia ni vingi na risiti ndiyo ushahidi wa madai.

Shokapu njema haiponyi barabara mbovu. Mwendo wa taratibu hupunguza joto na vishindo kuliko kipuri chochote. Matengenezo ya barabara za wilaya yako chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, na mkazi anayeona daraja limebomoka au korongo limekata njia anaweza kutoa taarifa katika ofisi ya Mtendaji wa Kata. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mafuta yanayodondoka leo kutoka kwenye shokapu moja ni ufa mdogo. Gari lisilosimama kwa wakati mbele ya watoto watokao shule ni ukuta ambao hakuna fundi awezaye kuujenga upya.